Kimbia kwa mwendo wa kusalimiana

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, na nina kibanda cha M-Pesa hapa Migori mjini. Nakaa kitini kuanzia asubuhi hadi usiku. Tangu nitoke shule ya msingi sijawahi kukimbia, labda nikikimbilia matatu. Mwezi uliopita niliamka nikajiambia leo naanza. Nilitoka mbio kuelekea daraja la mto, na sidhani dakika tatu zilifika kabla kifua hakijawaka moto. Nikaketi kando ya barabara. Vijana wa boda wakaniuliza nani ananikimbiza. Miundi yote miwili iliniuma siku nne. Je, mwili kama wangu unaweza kukimbia, au tuwaachie Wakalenjin? Wikendi huwa niko Homa Bay kwa mama mkwe. – Mama wa M-Pesa, Migori.

JIBU: Mama, mwili wako unaweza. Uliyoyaeleza ni yale ambayo yangempata mtu yeyote aliyekaa kitini miaka mingi kisha akachomoka kwa kasi ya mwizi. Kilichokukwamisha ni mwendo, wala si umri.

Hilo la Wakalenjin tulimalize kwanza. Dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na Naftali Temu, mwana wa Gusii, hapo tu jirani yako, katika mita 10,000 mjini Mexico mwaka 1968. Lakini hata angekuwa ametoka nyumba ya pili kutoka kwako, ushindi wake haukuhusu. Yeye alikimbia kutafuta medali. Wewe unatafuta moyo wenye nguvu, presha iliyotulia na usingizi mzuri, na hivyo hupatikana kwa mwendo ambao mtoto wa darasa la tatu angekupita akicheka.

Mwendo huo utaupimaje? Huhitaji saa ya bei ghali. Huku kwetu mtu hampiti mwenzake asubuhi kimya kimya. Utamwambia "oyawore", utamuuliza watoto wameamkaje, utamjibu na wewe akikuuliza. Basi kipimo chako ni hicho. Ukiweza kutoa salamu nzima, na ya watoto ndani yake, bila kukatika pumzi katikati, unakimbia sawasawa. Ukibaki kupunga mkono tu kwa sababu maneno hayatoki, punguza. Ukipunguza hadi ukaona aibu kwamba huku si kukimbia tena, huenda hapo ndipo umepata mwendo wako.

Sasa ratiba. Mwaka 1996 Mmarekani mmoja, Josh Clark, alitunga mpango wa wiki tisa kwa watu ambao hawajawahi kukimbia, mama yake mzazi akiwa mmoja wa aliowafikiria. Siri yake ni kuchanganya kukimbia na kutembea, siku tatu kwa wiki. Mimi huwapunguzia wagonjwa wangu kidogo zaidi. Tembea haraka dakika tano. Kimbia dakika moja, tembea mbili, urudie hivyo mara sita, kisha utembee taratibu hadi nyumbani. Fanya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ukiacha siku ya kupumzika katikati. Wiki ikiwa rahisi, ongeza nusu dakika ya kukimbia. Ikiwa ngumu, irudie hiyo hiyo, hata mara tatu. Nimeona watu waliochukua miezi minne kufikia nusu saa ya kukimbia mfululizo, nao ndio wanaokimbia hadi leo.

Siku za kupumzika zina kazi yake, nazo ndizo zitakazookoa miundi yako. Moyo na mapafu huzoea mapema. Baada ya wiki tatu au nne utahisi pumzi imefunguka, na hapo ndipo wengi hujiharibu, kwa sababu mifupa na kano huchukua miezi kukomaa. Pumzi inasema twende, mfupa bado unajijenga. Maumivu yakirudi, keti, panda na kidole gumba juu ya mfupa wa mbele ya mguu, ukibonyeza polepole kutoka kifundoni kuelekea gotini. Yakiwa yametandaa urefu wa kiganja hivi, kwa kawaida ni uchovu wa mfupa na misuli inayoushika: pumzika wiki moja, endelea kutembea, kisha uanze chini ya pale ulipoachia. Yakiwa mahali pamoja padogo kama sarafu, ukibonyeza hapo unaruka, usikimbie hata hatua moja kabla ya kuonwa hospitalini, kwa maana mfupa huenda una ufa. Na mguu mmoja ukivimba na kuwa na joto kwenye shavu lake, nenda siku hiyo hiyo.

Najua pia mtakuja kuniambia kwamba kukimbia kunakula magoti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta yabisi ya nyonga na magoti kwa wakimbiaji wa kujifurahisha 3.5 kati ya 100, na kwa watu wasiokimbia 10.2 kati ya 100. Kiti chako cha kibandani kinanitia wasiwasi zaidi ya barabara.

Kabla hujaanza, pima presha. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa tangu 2023 wana mashine yake, kwa hiyo unaweza kupimwa mlangoni. Uliza pia kiwango cha damu, hasa kama hedhi yako ni nzito au umeugua malaria karibuni. Ukanda huu wa ziwa una malaria mwaka mzima, na malaria hupunguza damu. Mtu wa damu kidogo atahema hata akitembea, kisha ajilaumu kwamba ni mvivu. Ukiwa na homa usikimbie kabisa. Maliza dawa, kula vizuri, ngoja nguvu zirudi, uanze na kutembea. Selimundu nayo ipo sana Nyanza: mwenye ugonjwa wenyewe aongee na kliniki yake kwanza. Na wale wanaotumia ARV na wanaendelea vizuri, kukimbia ni kwenu pia. Naulizwa hilo kila wiki, na jibu ni ndiyo. Yeyote akibanwa kifua au kuzirai akikimbia, asimame na aende hospitalini.

Viatu: mtumba unatosha, ukichagua. Kikunje. Kinapaswa kukunjika penye vidole. Kikikunjika katikati kama chapati, kiache. Bonyeza soli ya kisigino kwa gumba, na ikiwa ngumu kama ubao, imekufa, hata kama juu kinang'aa. Acha nafasi ya upana wa gumba mbele ya kidole kirefu. Pesa itakayobaki nunua sidiria inayoshika kifua vizuri. Wanawake wengi huacha mbio kwa sababu hiyo tu na hawasemi.

Njia nayo ichague. Achana na barabara kuu ya Isebania, ina malori na trekta za miwa, na boda zisizo na taa alfajiri. Ingia barabara za murram mitaani, shika upande wa kulia ili uone gari linalokujia. Jua kwetu huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Ngoja uone ardhi unayokanyaga. Vaa sketi pana au leso juu ya suruali kama ndivyo utakavyokuwa huru. Vijana wa boda watauliza wiki mbili. Ya tatu watakuzoea, na huenda ndio watakaokuuliza siku usipoonekana.

Homa Bay kuna joto zaidi, kwa hiyo Jumamosi toka mapema na unywe maji kabla. Usikimbie ufukweni gizani, viboko hutoka kulisha usiku na wengine huchelewa kurudi majini. Na usioge ziwani baada ya mbio hata jasho likikuzidi, kichocho kingali kipo. Panda taratibu upande wa Got Asego, ukitembea mlimani na kukimbia tambarare. Mama mkwe akikuuliza unakwenda wapi na hivyo viatu, mwombe akusindikize zile dakika tano za kwanza za kutembea. Naye presha yake ipimwe.