Mmenuniana kwa Ajili ya Tamthilia? Njoo Ukae Hapa

Haya, mdogo wangu, sogea huku. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikanyamaza. Unasema leo ni siku ya tisa wewe na wifi yako hamsalimiani, na chanzo ni tamthilia mliyoifuata pamoja tangu ulipoolewa kwao, ambayo sasa imeingia msimu wa mwisho. Sehemu ya kwanza wewe umeiona imepoa kama chai ya jana. Mwenzio ameitazama akibubujikwa na machozi ya raha. Ukamwambia ana machozi ya bei rahisi. Naye akakujibu neno ambalo hukuthubutu kuliandika, umeweka nukta nukta tu. Mwishoni ukaniuliza: "Dada, hivi mimi nina akili timamu kweli?"

Akili unazo. Kinachokuponza ni ulimi, na huo ni ugonjwa wetu wote tunaopenda tamthilia, kwa hiyo usione haya. Njia hiyo mimi nimeipita peku, tena na wifi yangu mwenyewe. Kaa nikusimulie.

Ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili 2019. Game of Thrones ilikuwa inaanza msimu wa nane, wa mwisho. Marekani bado ilikuwa Jumapili saa 3 usiku, watu wameshakula, wamejilaza. Huku kwetu ni saa 10, saa ya waadhini na wachoma maandazi. Nililala kwa kaka, Tabata, maana yeye ndiye mwenye king'amuzi. Kaka akakoroma zake. Mimi na wifi tukajitanda khanga, tukabandika chai ya tangawizi, sauti ya runinga tukaishusha kama wezi.

Elewa tulikuwa na njaa ya namna gani. Mara ya mwisho wale watu tulikuwa tumewaona Agosti 2017. Miezi karibu 20 tunatafuna makombo, tunabishana nani atakufa na nani atakalia kile kiti cha chuma. Tamthilia yenyewe ilianza Aprili 2011, wakati huo wifi ni mchumba tu, anakuja nyumbani na mfuko wa machungwa, macho chini. Yaani udugu wetu wote umekulia mle ndani. Na hatukuwa peke yetu: usiku ule, kwa Marekani tu, HBO, wenye tamthilia, walihesabu watazamaji milioni 17.4, na hawakuwahi kupata idadi ile kabla ya hapo.

Basi tukaona nini? Vita hakuna. Jeshi la wafu, ambalo ndilo lililokuwa linatisha dunia nzima, halikuonekana likitembea. Tuliona kazi ya mikono yake tu, mtoto wa watu kapigiliwa ukutani. Zilizobaki zote katika dakika zile 54 ni watu kupokeana. Jon Snow anarudi kwao Winterfell, na kando yake kamleta Daenerys, malkia mwenye majoka na jeshi lisilo na idadi. Watu wa kijiji wamejipanga barabarani wanamkodolea macho mgeni. Hakuna anayeshangilia.

Sasa angalia mlangoni alisimama nani. Sansa. Dada mtu. Jon kalelewa pale kama kaka yake, kwa hiyo anayeshuka kwenye farasi, yule mwenye nywele nyeupe na koti la manyoya, ni wifi. Mdogo wangu, ile sura aliyoivaa Sansa hakuna aliyekulia uswahilini asiyeijua. Ni ile ya "karibu" inayotoka mdomoni huku macho yanahesabu. Baadaye kwenye baraza akauliza swali ambalo kila mwenye jiko angeliuliza: nafaka nimeweka akiba kwa ajili ya watu wa kwetu, haya majeshi yote atayalisha nani, na hayo majoka yanakula nini? Akajibiwa kwa mkato kwamba yanakula yapendacho.

Nikapiga makofi kwa swali. Wifi akapiga makofi kwa jibu.

Ndipo moto ukawaka. Mimi nikasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Sansa hajakosea. Wifi akasema huyo Sansa ana gubu, mtu kasafiri na jeshi lake kuja kuwakomboa, mnamhesabia madebe ya nafaka. Nikasema mkombozi gani anataka kupigiwa magoti. Akasema kuna watu hata ukiwaletea dunia kwenye sinia watauliza chumvi iko wapi. Hapo, mdogo wangu, tulikuwa hatuzungumzii tena Winterfell. Tulikuwa tunazungumzia harusi yake, na mchele wa harusi ile, ambao mimi niliwahi kusema mbele za watu kuwa haukutosha.

Uliona? Kwa hiyo jiulize kwanza hayo "machozi ya bei rahisi" yalikuwa ya tamthilia kweli, au una kitu kingine ulichokifungia kabatini. Mimi sikujui, lakini mawifi nawajua. Na siku ile mabishano hayo hayo yalitapakaa dunia nzima, wa Sansa huku, wa Daenerys kule, wanatupiana maneno kama waliogawiwa urithi.

Haya, turudi kwenye kupoa. Wengi walilalamika kama wewe. Hakuna kilichotokea, walisema, tumesubiri karibu miaka miwili kuja kuona watu wanakumbatiana. Wengine wakageukia mzaha. Bran, yule kijana wa kiti cha magurudumu, kakaa uani usiku na mchana anatazama watu kama mwenye nyumba anayemsubiri mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi mitatu. Picha yake ilizunguka kila simu. Malkia Cersei kanuna kwa sababu jeshi alilolikodi limekuja bila tembo, na sisi tunaowapisha tembo kwenye lami pale Mikumi tukashangaa mtu anavyoweza kuwalilia hivyo.

Mimi nilikuwa kundi la walalamikaji, usifikiri ninakuhubiria kutoka mimbarini. Lakini sikiliza kilichofuata. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kumi, wa saba ukawa na saba, huu wa mwisho ulipewa sita tu. Sehemu ya tatu ikaja na vita tuliyoililia, dakika 82, giza totoro, watu wanafuta vioo vya runinga kwa khanga wakidhani ni vumbi. Ya nne, mtu kasahau kikombe cha kahawa cha kisasa mbele ya malkia na kikapita hewani hivyo hivyo. Kufika ya tano, wale wale waliosema inakwenda kama kobe wakaanza kupiga kelele kwamba inakimbizwa, kwamba waandishi wamechoka wanataka kwenda kwao. Zaidi ya watu milioni moja wakatia saini kutaka msimu mzima utengenezwe upya. Milioni! Na mimi nakuambia, wengi wao sehemu ile ya kwanza waliitazama huku wakiingojea ya tatu.

Kwa nini tunafanya hivyo? Nimelifikiria sana jambo hili, maana lilinigharimu. Tunaogopa kuachwa, mdogo wangu. Mtu anayejua kuwa mgeni wake anaondoka kesho, badala ya kukaa naye wakala, anaanza ugomvi, ili kesho asilie barazani. Ndivyo ulivyoifanyia hiyo tamthilia yako. Na kwa kuwa tamthilia haina uso wa kununiwa, ukamnunia wifi.

Kuna kipande kimoja nilikipita siku ile bila kukiona. Jon anapita na farasi katikati ya umati. Arya, mdogo wake, kasimama pale pale pembeni, miaka hawajaonana, uso umeanza kuchanua. Jon anapita. Hakumwona, macho yako mbele. Tabasamu la Arya linabaki pale halina wa kulipokea. Sekunde chache tu, na wala hakuna neno. Mimi wakati huo nilikuwa nageuka kumwongezea wifi hoja ya nafaka. Nilikuja kukiona mwaka uliofuata, nikiwa peke yangu na flashi ya kuazima, na nililia machozi ya bei rahisi kuliko ya wifi yako.

Na hilo la kutoboleana siri, umeliuliza nusu nusu, nitalijibu zima. Siku ile, zikiwa zimebaki dakika chache, umeme ukakata. Si wa mtaa, ni wa kwetu: LUKU imekwisha, na tangu jana mita ilikuwa inalia tukaipuuza. Kosa letu. Nikanunua kwa simu, wifi akamulika tochi, nikaanza kubonyeza zile tarakimu 20. Nikakosea. Nikaanza upya, nikakosea. Wifi akasema leta nibonyeze mimi, nikamwambia asinishike mkono. Taa ziliporudi, majina ya waigizaji yanapanda kwenye kioo. Dakika tano hazijapita, mdogo wangu wa kiume akapiga simu kutoka Mwanza: "Umeona Jaime alivyoganda alipomwona Bran?"

Siku nne sikupokea simu yake. Nilimwona mchawi.

Nilipokuja kuitazama, nikakuta hakuniibia kitu. Huyo Jaime anafika Winterfell peke yake, kajifunika kofia la joho, anashuka, anageuka akiwa na uso mwepesi wa mtu aliyefika salama. Kisha anamwona kijana amekaa uani anamtazama. Ni yule yule mtoto aliyemsukuma dirishani katika sehemu ya kwanza kabisa, mwaka 2011, akamvunja mgongo. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Maneno ya mdogo wangu yalikuwa sahihi yote, na uso ule haukuwemo ndani yake hata kidogo. Kwa hiyo anayekutobolea siri mkaripie kidogo, ana utovu wa adabu, lakini usimfutie namba. Na kama hutaki kutobolewa, zima simu ulale. Usiende kwenye kundi la familia halafu ukashangaa familia ina midomo.

Ah, na jingine kabla sijasahau, kwa kuwa umeandika una mimba ya miezi saba na jina umekwisha kulipata humo humo kwenye tamthilia. Huko Marekani walizaliwa mamia ya watoto wa kike wakapewa jina la Khaleesi, cheo cha yule Daenerys, wakati bado ni mkombozi wa watumwa. Halafu Mei 2019 wazazi wao wakakaa kwenye kochi wakamwangalia anateketeza mji mzima, wanawake na watoto ndani yake. Mdogo wangu, subiri msimu uishe. Mtoto hata akikaa wiki mbili bila jina hatakudai.

Sasa wifi yako. Usimtumie ujumbe, ujumbe hauna sauti, atausoma kwa sauti anayoitaka yeye. Nenda. Beba vitumbua, usibebe hoja. Usianze na "mimi sikuwa na nia mbaya ila", hilo "ila" limevunja nyumba nyingi. Mwambie aiweke tena ile sehemu ya kwanza, umwambie akuonyeshe ni wapi alipolia, kisha funga mdomo. Ukiona bado imepoa, imepoa, hakuna anayekulazimisha kuipenda. Lakini utakuwa umemwangalia mtu anayependa kitu, na hilo ni zuri kulitazama kuliko tamthilia nyingi. Akikuletea habari za mchele, za harusi, za mama mkwe, zipokee. Ndizo zilizokuwa zinakuja siku zote.

Mimi nilichelewa. Nilingoja mpaka ile alfajiri ya sehemu ya tano. Malkia wa wifi kashika njia mbaya, majivu yanaanguka kama unga, nami moyoni natafuta maneno makali ya ushindi, ninayo tayari, nimeyanoa wiki nne. Nikageuka nikamkuta wifi kajifunika khanga mpaka puani, macho tu yanaonekana. Nikayameza. Nikaenda jikoni kupasha chai, nilivyorudi akaniambia kwa sauti ndogo, "Wifi, ule mchele ni kweli haukutosha." Nikamwambia nyama ilikuwa nzuri. Na kweli ilikuwa nzuri.

Mpaka leo kwenye simu yake nimeandikwa Sansa. Na kwa kuwa Jon alikuja kuambiwa, usiku ule ule wa sehemu ya kwanza, asili ya damu yake, ikabainika kuwa mchumba aliyemleta nyumbani ni dada wa baba yake, mimi yeye nimemwandika Shangazi. Nikimpigia, kaka anachungulia kioo, anatikisa kichwa, anarudi kulala.