PRESHA HAIONEKANI KWA MACHO

Hapa kwetu Lupepo mtu akigomba mkutanoni, utasikia, "Mwacheni, ana presha huyo!" Lakini mzee mpole, asemaye taratibu, tunasema eti ni mzima. Je, ni kweli? Leo tujifunze kwa panya.

Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Nguvu hiyo ikizidi kwa miaka mingi, moyo huchoka na figo huharibika. Mshipa wa kichwani ukiziba au ukipasuka, mtu hupata kiharusi.

Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Kyoto, Japani, Okamoto na Aoki, walitangaza kwamba wamepata ukoo wa panya wenye presha. Walifanya kama sisi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Walichagua panya wenye presha kubwa, wakawazalisha wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi. Baadaye ikaonekana kwamba panya hao pia hawatulii. Wakiwekwa mahali pageni, hukimbia huku na huku kuliko panya wengine. Basi, mtu angesema: kutotulia na presha ni kitu kimoja.

Wataalamu wa Marekani hawakuridhika. Waliwachanganya panya hao na panya watulivu wasio na presha, kisha wakachagua katika uzao wao. Mwaka 1991 wakatangaza koo mbili mpya. Ukoo wa kwanza hautulii, lakini presha yake si kubwa. Ukoo wa pili una presha kubwa, lakini umetulia. Jambo hili tunalijua: ndama anaweza kurithi rangi ya mama yake, asirithi maziwa yake.

Mtu si panya, na hasira hupandisha presha kwa muda. Lakini tabia siyo kipimo. Utafiti wa Ilala, Dar es Salaam, na Shari, Kilimanjaro, ulichapishwa mwaka 2000. Katika kila watu 100 waliokutwa na presha, hawakufika 20 waliokuwa wanajua kwamba wanayo. Waliobaki hawakujua kitu.

Sasa tufanye nini?

1. Twende tukapime, wakali na wapole pia. Kabla ya kupima, tukae tumetulia dakika 5.
2. Vipimo vikirudia kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha. Tumsikilize mganga.
3. Tupunguze chumvi. Mtu mmoja asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima.
4. Aliyepewa dawa asiache kwa sababu anajisikia vizuri.

MASWALI YA KUJADILI
1. Koo mbili za mwaka 1991 zinatofautianaje?
2. Katika nyumba yako, nani hajapimwa kwa sababu ni mpole?