Dari ya Mafunjo Chini ya Mabati

Huko Magunga, katika nchi ya Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, nyumba nyingi siku hizi zaezekwa kwa mabati. Bati haliozi wala haliliwi na mchwa, lakini lina taabu mbili: saa sita mchana nyumba huwa kama tanuri, na mvua kubwa inyeshapo mwalimu hasikiki darasani.

Sababu ni hii. Bati ni chuma chembamba. Jua likilichoma, hupeleka joto lile chini upesi. Tena matone yakilipiga, hutetemeka kama ngozi ya ngoma.

Wazee walioezeka kwa nyasi hawakuijua taabu hiyo, kwa maana ndani ya nyasi mna hewa iliyotulia, nayo haipitishi joto upesi. Mafunjo ya ziwani yana tabia iyo hiyo: moyo wa mabua yake umejaa vijitundu vya hewa, ndiyo maana ni mepesi na huelea majini.

Basi, mwenye mabati na afunge dari ya majamvi ya mafunjo yaliyokaushwa vema, akiacha nafasi baina ya dari na bati, na matundu ya kutokea hewa ya moto. Joto litapungua, na mwangwi chumbani utapungua pia. Kelele ya mvua haitakwisha kabisa, kwa kuwa kizuiacho sauti hasa ni kitu kizito, lakini itafifia.

Ila jihadhari: mafunjo makavu hushika moto upesi. Yasifungwe jikoni, wala taa isitundikwe karibu nayo. Heri joto la mchana kuliko nyumba kuteketea.