SOMO LA MWEZI: MWENYE HAKI NA MNYAMA WAKE

Masomo: Mithali 12:10, Kutoka 23:4-5, Kumbukumbu la Torati 25:4



Tarehe 1 Oktoba 2025 Dakta Jane Goodall alifariki huko California, Marekani, akiwa na umri wa miaka 91. Kazi yake kubwa aliianzia katika nchi yetu, nasi yafaa tujifunze kwake.

Alizaliwa London mwaka 1934. Hakuwa na shahada yoyote Dakta Louis Leakey, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana wa Kabete, Kenya, alipompeleka Gombe, Kigoma, kuchunguza sokwe. Alifika Julai 1960 pamoja na mama yake. Mwaka huo huo alimwona sokwe akipukuchua majani ya kijiti na kukiingiza katika kichuguu ili apate mchwa. Hadi siku hizo wataalamu walifundisha kwamba ni binadamu peke yake atengenezaye zana. Tena aliwapa sokwe majina, si namba, maana aliona kila mmoja ana tabia yake. Mchungaji yeyote wa ng'ombe analijua jambo hilo.

Mwaka 1986, katika mkutano wa Chicago, alielezwa jinsi misitu ilivyokatwa na jinsi sokwe walivyofungiwa katika vizimba vya maabara. Tangu hapo aliacha utulivu wa Gombe, akazunguka dunia akiwatetea wanyama hadi kufa kwake.

Wako watakaouliza: je, tuhangaikie wanyama na hali watu wana shida? Goodall naye alikutana na swali hilo. Aliona vilima vya jirani na Gombe vimebaki vitupu, kwa kuwa watu walihitaji kuni na mashamba. Kwa hiyo mwaka 1994 shirika lake lilianza Kigoma mpango wa kuwasaidia wanavijiji kwa miche ya miti, afya na mikopo midogo. Hakuwatenga watu na wanyama.

Maandiko nayo hayawatengi. Kutoka inatuagiza kumsaidia punda aliyelemewa na mzigo, hata kama mwenyewe anatuchukia. Punda hana ugomvi na mtu. Kumbukumbu la Torati inakataza kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka, kwa kuwa mfanya kazi astahili kula. Mithali inapima haki ya mtu kwa jinsi anavyomtunza mnyama wake. Kwa nini? Kwa sababu mnyama hawezi kutushitaki wala kutulipa. Tumtendeapo yeye, moyo wetu huonekana ulivyo.

Hapa kwetu Makongolosi, tutazame shingo ya maksai kabla ya kumfunga nira: ikiwa ina kidonda, apumzike. Tusimning'inize kuku kichwa chini safari nzima. Tusiwaache watoto wampige mbwa mawe kwa mchezo. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili. Lakini Mkristo asingoje askari.

Maswali ya kuzungumza:
1. Mnyama gani anatufanyia kazi nyumbani, naye hupumzika lini?
2. Mtoto anayezoea kumtesa mnyama, atawatendeaje wanyonge akiwa mkubwa?
3. Jumuiya yetu ianze na jambo gani mwezi huu?

Ee Mungu uliyeviumba vyote, utupe mioyo ya huruma kwa kila chenye pumzi, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.