Moto wa Kambini: Kuuwasha, Kuulinda na Kuuzima

Shule zifungwapo, makundi mengi ya vijana wa Wang'uru na vijiji vya Mwea hupenda kutoka kwenda kupiga kambi. Wengine hawaendi mbali, hutosheka na ukingo wa mto Thiba au Nyamindi. Wengine huelekea nyika kavu ya Hifadhi ya Mwea, kando ya bwawa la Kamburu. Na wenye miguu mizuri hupanda kupitia Kimunye na Kamweti hata kuufikia msitu wa Mlima Kenya. Maskauti nao wana safari yao ya kwenda Nyeri kulizuru kaburi la Baden-Powell, aliyefariki huko tarehe 8 Januari 1941. Popote waendapo, jioni ikiingia hukusanya kuni na kukoka moto. Jambo hili ni zuri, nasi hatuna nia ya kulikataza. Lakini yapasa lifanywe kwa maarifa, maana moto wa kambini si sawa na moto wa jikoni. Ule wa nyumbani umezungukwa na sakafu na kuta, na mwenyewe hulala karibu nao. Wa kambini umezungukwa na majani, na asubuhi mwenyewe huondoka akauacha. Hapo kwenye kuuacha ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, nasi tutapaeleza baadaye. Kwanza tutazame mahali pa kuuwasha.

Mtu wa Wang'uru aujua udongo wake mweusi: wakati wa mvua hunata viatuni, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ziwezazo kumeza mkono. Usiwashe moto juu ya nyufa hizo. Kaa likidondoka ndani hukutana na mizizi mikavu na mabua yaliyoanguka humo, likaendelea kuungua chini ambako jicho halifiki. Tafuta udongo mgumu usiopasuka, au mchanga wa kando ya mto. Na kama hakuna, ziba nyufa kwa udongo wenye majimaji, uushindilie kwa mguu, ndipo uweke kuni.

Mashamba yakiisha kuvunwa hujaa mabua makavu ya mpunga, na wengi huyaona kuwa ndiyo kiwashio chepesi. Kweli huwaka upesi, lakini hupeperuka yangali na moto, yakaangukia nyasi za jirani. Makapi ya mpunga yatokayo vinuni yana hila nyingine. Hayatoi mwali, huungua polepole ndani kwa ndani, na lundo lionekanalo kuwa jivu laweza kuwa na moto tumboni kwa siku kadhaa. Mtoto aliyepata kulikanyaga lundo la namna hii hahitaji kuelezwa.

Mahali pakiisha kuchaguliwa, fyeka na kufagia duara, hatua tatu kila upande, hata udongo mtupu uonekane. Tazama na juu: tawi lililo juu ya moto hukauka kwa joto, kisha hushika cheche. Rusha vumbi kidogo upate kujua upepo watoka wapi, na mahema yawe upande utokako upepo, mbali hatua kumi au zaidi. Mafiga yawe ya mawe makavu. Mawe yaliyookotwa mtoni yana maji ndani ya vitundu vyake. Yakipata moto maji hugeuka mvuke, na jiwe laweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande usoni mwa watu walioketi wakiota moto.

Kabla ya kushika kiberiti, weka debe la maji na rundo la udongo karibu. Ukumbuke kwamba debe lililoko mtoni si debe. Chagueni mtu mmoja awe mlinzi wa moto, naye asiondoke bila kumwachia mwingine kazi. Kisha panga vijiti vyembamba, juu yake vinene kidogo, na mwisho kuni zisizozidi unene wa kifundo cha mkono. Wazee husema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kwa kweli ukuni mmoja peke yake haudumu kuwaka. Lakini hakuna sababu ya kurundika kuni hata mwali ukafika kichwani mwa mtu. Moto mdogo huivisha chakula upesi, na watu waweza kuukaribia. Petroli na mafuta ya taa visimiminwe motoni asilani, maana mwali hurudi juu ya mmiminiko hata kwenye chombo kilicho mkononi. Huko nyikani jihadharini na miti msiyoijua: mnyaa una utomvu mweupe uchomao macho, na msunguti, ule wa sumu ya mishale, haufai hata kijiti chake kuchomea nyama.

Huko juu mlimani mambo hubadilika. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 yakataza mtu kuwasha, kuchukua au kutupa moto katika msitu wa umma bila kibali. Basi kundi lipandalo kupitia Kamweti lipite kwanza kwa maofisa wa Shirika la Huduma za Misitu, liombe ruhusa na kuonyeshwa mahali. Ndani ya Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1949, moto wa kuni hauruhusiwi kabisa. Hupikwa kwa jiko dogo la gesi. Wako wanung'unikao kwamba kambi bila moto wa kuni si kambi. Hao hawajaona jinsi mlima ulivyo. Baada ya msitu mkubwa huja mianzi, ambayo pingili zake hulipuka zikipata joto. Na juu ya mita 3,000 hivi huanza vichaka vya erika, vyenye mafuta katika majani yake, na matuta ya nyasi kavu. Chini ya nyasi hizo mahali pengi ni mboji nene, mabaki ya mimea ya miaka mingi, nayo yaweza kuungua chini kwa chini bila mwali, ikaibukia mbali siku nyingine.

Kilimanjaro ni mfano wa kutosha. Mwezi wa Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, mahali wapumzikapo wageni katika njia ya Mandara kwenda Horombo. Taarifa za awali za wakuu wa hifadhi zilisema ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Kazi ndogo kama hiyo! Mamia ya watu walipanda kupambana nao, nao uliendelea siku nyingi katika vichaka vya namna ile ile tuliyoitaja. Mlima Kenya nao uliungua vibaya mwezi wa Machi 2012, ikawabidi askari na wananchi wa kujitolea kwenda kuuzima kwa matawi na majembe.

Msomaji wa Mwea asidhani kwamba hayo ni mambo ya wapanda milima tu. Mito ya Thiba na Nyamindi, inyweshayo mashamba ya mpunga tangu miaka ya 1950, hutoka katika mlima huo huo. Hata Bwawa la Thiba, lililofunguliwa mwaka 2022, haliumbi maji. Huhifadhi yale yashukayo kutoka msituni. Mboji na majani ya huko juu hunyonya mvua na kuyaachilia maji polepole wakati wa kiangazi. Vikiungua, mvua hushuka kwa haraka pamoja na matope, kisha mto hupungua mapema. Kijana wa Wang'uru aachaye kaa linawaka huko Kamweti ameacha moto katika chemchemi ya shamba la baba yake.

Basi na tuje kwenye kuuzima. Watu wengi hudhani ya kuwa mwali ukiisha, moto umezimika; hufunika kwa udongo na kwenda zao. Udongo huo ndio huyatunza makaa, kama vile wachoma makaa wafanyavyo kwa makusudi. Njia iliyo sawa ni hii. Acha kuongeza kuni mapema, ili zilizopo ziishe kuwa majivu. Zitenge zilizobaki, kila ukuni peke yake, maana zikitengana huanza kufa. Mimina maji polepole, si kwa mkupuo mmoja urushao majivu moto, na koroga kwa fimbo hata chini kabisa. Mimina tena, koroga tena, hata sauti ya kuchemka ikome. Mwishowe sogeza mgongo wa mkono juu ya majivu. Usiposikia joto, yaguse, na uguse pia udongo wa kando na chini ya mawe. Pakiwa na joto lolote, kazi haijaisha. Anzeni walau nusu saa kabla ya safari, wala msingoje gari lipige honi.

Yako na mauti ya kimya ambayo hatuwezi kuyapita. Mtu aliyezoea joto la Mwea akilala mlimani huona baridi kali, akashawishika kuingiza jiko la makaa hemani, au kuliacha la gesi likiwaka usiku. Asifanye hivyo hata kidogo, hata kama mlango u wazi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mwenye kuivuta huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na pengine haamki. Maji ya moto katika chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa nguo, ikiwekwa miguuni, yatosha kumpa joto.

Mtu akiungua, mpozeni papo hapo kwa maji safi ya baridi yatiririkayo, muda wa dakika 20, mkimvua pete na saa kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe. Msimpake unga, siagi wala dawa ya meno. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi, na ikiwa ni kubwa kuliko kiganja chake, au ni la usoni au mikononi, apelekwe hospitali bila kukawia. Kwa walioko karibu na Wang'uru, hospitali hiyo ni Kimbimbi.