Lori Limekwama Boda? Uliza "Ni Karatasi Gani?" Kabla ya Kutuma Pesa

Saa tatu usiku simu inalia. Ni mzee wako, yuko Malaba na trela. "Mama watoto, nitumie elfu nane sasa hivi. Karatasi zimekataa, na nisipotoka kwa hii foleni leo nitalala hapa siku mbili." Unafungua menyu, unaweka PIN, pesa imeenda. Asubuhi unapiga simu na lori liko palepale.

Kama una mtu kwenye barabara ya Mombasa kwenda Kampala, ama lori ni lako na umemwachia dereva, hii stori unaijua. Kila siku lori likisimama kuna chakula, kuna maegesho, na mwenye mzigo anapiga simu akiuliza. Ndiyo maana tunatuma haraka. Lakini pesa haiwezi kurekebisha karatasi iliyoandikwa vibaya. Leo tujifunze kutuma pesa inayofanya kazi.

Ni nini hukwama?

Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, ushuru wa mzigo mwingi wa Uganda hushughulikiwa kabla lori halijatoka Mombasa. Kwa hivyo, baada ya kilomita zaidi ya 900, kazi kubwa pale Malaba ni kulinganisha: je, karatasi, lori na kompyuta vinasema kitu kimoja? Visipolingana, unawekwa kando. Mara nyingi shida ni moja ya hizi:

- Namba hazifanani. Namba ya kontena au ya lori imekosewa kwa herufi moja tu. Anayerekebisha ni ajenti wa forodha aliyeandikisha mzigo, ndani ya mfumo. Mtu wa getini hawezi kukufanyia.
- Sili ya kielektroniki. Ile sili inayofuatiliwa njiani ikipiga kengele kwa sababu dereva alitoka kwa njia iliyopangwa, ama ina hitilafu, lori husimamishwa likaguliwe. Hapo subira na maelezo ya kweli ndiyo yanasaidia.
- Bima ya nje. Kadi ya njano ya COMESA ndiyo bima ya ajali kwa watu wengine ukiwa nje ya Kenya. Hii huisha, na hununuliwa kwa kampuni ya bima. Unaweza kuishughulikia ukiwa nyumbani.
- Cheti cha chanjo. Hiki nacho ni cha njano, na hapa ndipo watu huchanganywa. Tangu Julai 2016, cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha maisha, hata kama ulichanjwa kabla ya hapo. Ukiambiwa "kadi ya njano imeisha, tuma pesa", uliza kwanza: ya bima ama ya chanjo?

Swali moja, majibu matatu

Kabla ya kuweka PIN, uliza: "Ni karatasi gani?" Halafu sikiliza jibu.

1. Akikutajia malipo rasmi, mwambie akutumie namba ya kumbukumbu ya malipo, yaani PRN. Kwa Kenya, malipo ya huduma za serikali hupitia Paybill 222222, na namba hiyo ya kumbukumbu ndiyo unaweka kama akaunti. Malipo ya ushuru upande wa Uganda pia hutolewa PRN yake.
2. Akikutajia kosa la kuandika, usitume kitu bado. Mpigie ajenti. Kama kosa ni lake, kwa nini gharama iwe yako?
3. Asipoweza kutaja karatasi yoyote, ila "kuna jamaa hapa atatusaidia", simama hapo. Pesa ikienda kwa namba ya mtu binafsi, haina risiti ya serikali. Kesho afisa wa zamu nyingine atauliza malipo yako wapi, na utalipa mara ya pili.

Chakula na matumizi ya dereva ni jambo lingine. Hayo mtumie kwa laini yake mwenyewe, na uyatume kando na malipo ya mzigo. Ukichanganya, mwisho wa mwezi hutajua safari ilikula ngapi.

Na kama simu si yake?

"Betri imeisha, natumia simu ya ajenti, tuma kwa hii namba." Inaweza kuwa kweli. Lakini pia ndiyo maneno ambayo tapeli angechagua, kwa sababu anajua kwamba mtu akiwa boda usiku hapatikani kwa urahisi. Fanya hivi:

- Kubalianeni neno la siri kabla ya safari. Asiyelijua, hapati.
- Piga laini yake ya kawaida, hata kama umeambiwa imezima. Mpigie taniboi pia.
- Ukituma, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ukikosea namba, omba pesa irejeshwe hapo hapo, kabla haijatolewa.
- Dereva asimpe mtu PIN yake, hata taniboi wa miaka mingi.

Kabla ya safari ijayo

Kaeni chini dakika kumi. Pigeni picha karatasi zote na kila mmoja abaki nazo kwa simu yake. Linganisheni namba za lori na kontena, herufi kwa herufi. Angalieni tarehe ya bima. Andikeni namba ya ajenti mahali ambapo nyote mtaipata. Na msifute meseji za malipo hadi mzigo ushushwe na safari ilipwe: meseji ile ina tarehe, kiasi na namba ya muamala, na mkibishana na ajenti au mwenye mzigo, hiyo ndiyo shahidi yenu.

Simu ya saa tatu usiku itakuja tena. Safari hii ikilia, jibu liwe tayari: "Pole na foleni, baba watoto. Sasa niambie, ni karatasi gani?"