Protini Inayongojea Iyodi

Ndugu wanafunzi, mumesikia kwamba mtu akikosa iyodi anaota rovu, ule uvimbe wa shingo. Kwetu Kivu jambo hili liko karibu. Miaka ya 1960 watafiti wa IRSAC ya Lwiro walilichunguza kisiwani Idjwi. Iyodi ilikosekana pande zote za kisiwa, lakini rovu ilizidi sana kaskazini. Wakaona muhogo unashiriki: sumu yake isipotolewa vizuri inageuka mwilini kuwa tiosianati, na hiyo inazuia iyodi kuingia katika tezi ya shingo.

Lakini ubaya mkubwa ni mtoto anayezaliwa na ubongo usiokomaa. Ubongo unaingiaje hapa?

Tezi inatengeneza homoni T4, yenye atomu 4 za iyodi. Ndani ya selule inaondolewa moja, inakuwa T3, na T3 inapokelewa na protini inayokaa katika kiini cha selule. Protini hiyo iko na vidole viwili vilivyokazwa kwa zinki. Kimoja kinaingia katika mfereji wa A.D.N. kutambua jeni yake. Sehemu ingine, ya kupokea homoni, ni vipande 12 hivi vilivyosokotwa kama kamba. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waligeuza sehemu hiyo ya protini ya panya kuwa fuwele, wakaipima kwa miali ya X. Wakakuta homoni imezikwa katikati kabisa! Kipande cha mwisho kinaifunika, na kikijifunga hivyo kinatengeneza mahali pa protini zingine kushika, ili jeni isomwe.

Sasa muangalie vizuri, maana hapa wengi wanapotea. Musifikiri bila T3 protini inalala. Hapana. Inabaki imeshika A.D.N. na kuita protini za kufunga jeni, kama mlinzi anayekatalia watu mlangoni. Mwaka 2002 ilionekana kwa panya: wenye kukosa homoni, ubongo wao wa nyuma uliharibika, wenye kukosa homoni pamoja na aina moja ya protini hii, alfa 1, ule ubongo uliponea.

Na miezi ya kwanza ya mimba tezi ya mtoto haijaanza kazi, lakini protini iko tayari katika ubongo wake. T4 yote inatoka kwa mama.